Nimepata Kazi Baada ya Miaka Mitano, Lakini Sijui Nijaze Nini Kwenye Fomu

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, nina mke na watoto watatu. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba iko siku nitaiandikia, lakini jambo lililonifika limeninyima usingizi, na watu wote ambao ningeweza kulijadili nao wana maslahi yao ndani yake.

Kwa miaka tisa nilifanya kazi katika kitengo cha TEHAMA cha kampuni moja iliyohudumia watalii. Nilianza kwa kuvuta nyaya na kubadilisha wino wa printa, nikapanda hadi kusimamia seva na akaunti za watumiaji wapatao 120 katika ofisi tatu. Mwaka 2014 nilifaulu mitihani ya MCSA, cheti cha Microsoft cha kusimamia seva, ya Windows Server 2012, na ada yake niliilipa kutoka mfukoni mwangu. Juni 2020, watalii walipokoma kuja kwa sababu ya UVIKO-19, kampuni ilipunguza wafanyakazi, kitengo chetu kikafungwa na kazi yetu ikapewa kampuni ya nje. Nilipokea kiinua mgongo changu nikiamini kwamba nitakaa nyumbani miezi mitatu, ikizidi sana minne.

Imepita miaka mitano na nusu. Barua za maombi nilikuwa nikizihesabu, nikaacha nilipofika 140. Nimeitwa kwenye usaili mara saba kabla ya huu nitakaoueleza, na mara zote saba liliulizwa swali moja: tangu 2020 umekuwa ukifanya nini? Mimi hujibu kwamba nilikuwa na majukumu ya kifamilia, na hapohapo naona kalamu zinawekwa chini.

Sitaki udhani kwamba nimelala muda wote huo. Kibarazani kwangu nimeweka meza, natengeneza kompyuta za majirani, za shule moja ya awali na za duka la dawa. Kazi yenyewe ni hiyo ya kupiga Windows (kuiweka upya kwenye mashine), kubadilisha vioo vilivyopasuka, na siku nyingine kuokoa picha za harusi ya mtu kutoka diski iliyokufa. Binti yangu wa kidato cha pili huandika katika daftari mashine iliyoletwa, jina la mwenye nayo, tatizo lake, kama imekuja na chaja au haikuja, na kiasi kilicholipwa, kwa sababu tuliwahi kuchanganya chaja za wateja wawili na ugomvi wake ukafika hadi kwa mjumbe. Mwezi mzuri napata shilingi 250,000; mwezi mbaya hata 80,000 hazifiki. Huko ni kubangaiza tu, si kazi ya kuandika kwenye wasifu. Nyumba yangu inasimama kwa genge la mke wangu na mikopo ya kikoba chake.

Sasa mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya dawati la huduma, yaani wanaopokea simu za watumiaji wenye matatizo ya kompyuta, ngazi ya kwanza, katika kampuni inayotoa msaada wa kompyuta kwa ofisi nyingine. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mmoja wao, ambaye ndiye kiongozi wa dawati hilo, ni kijana aliyekuja kwetu mwaka 2016 kufanya mafunzo kwa vitendo akitokea chuoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kubana waya wa mtandao, mimi ndiye niliyemsainia kitabu chake cha mafunzo, na kila asubuhi alikuwa akiniamkia shikamoo. Siku ya usaili hakuonyesha dalili yoyote ya kunifahamu. Aliniuliza hivi: mtumiaji amepiga simu saa mbili usiku, amesahau nywila, na simu yake yenye programu ya uthibitisho, ile inayothibitisha kwamba ni yeye anayeingia kwenye akaunti, imeibiwa, utafanya nini? Nilieleza jinsi ya kubadilisha nywila katika Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za ofisi, kama tulivyokuwa tukifanya, kisha nikakwama, kwa kuwa hiyo programu ya uthibitisho sikuwahi kuisimamia. Nilitoka nikijua kwamba nimeanguka. Siku ya nane wakanipigia simu kwamba nimepata.

Mkataba ni wa miezi sita, na mshahara ni shilingi 650,000 kabla ya makato, wakati nilipoachishwa kazi nilikuwa nalipwa 1,400,000. Zamu hubadilika, na mojawapo huisha saa tano usiku, muda ambao bodaboda ya kunifikisha nyumbani hunitoza shilingi 6,000. Ila kabla ya kusaini natakiwa kujaza fomu ya historia ya ajira ya miaka mitano iliyopita bila kuacha pengo, na kuambatisha barua ya mwajiri wa mwisho. Fomu irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kila usiku nafika mstari wa nne, usemao "Mwajiri wa sasa au wa mwisho, na sababu ya kuondoka", kisha naikunja.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana kampuni yake ya kuuza vifaa vya ofisi, yenye leseni na mhuri. Bila hata kumwomba, ameniandikia barua isemayo kwamba tangu Julai 2020 hadi leo mimi ni afisa TEHAMA wake. Barua ipo kabatini, imeshagongwa mhuri. Anasema kila mtu hufanya hivyo na kwamba hakuna atakayedhurika. Mke wangu amekwisha kuwatangazia wenzake wa kikoba kwamba baba watoto amepata kazi, nami nimeona aibu kumweleza habari za fomu hii.

Je, niipeleke barua ya mdogo wangu, au niseme ukweli na nipoteze kazi niliyoitafuta miaka mitano? Na hata nikiipata, nitakaaje chini ya kijana niliyemsainia kitabu? Kuna usiku naona ni heri niikatae kabisa, nibaki na kibaraza changu na heshima yangu.

Ni mimi, Fundi wa Kibarazani, Kimara.

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa miaka hiyo. Anayetafuta kazi kwa mwezi mmoja watu humuuliza imefikia wapi. Anayetafuta kwa miaka mitano watu huacha kumuuliza, na ukimya huo una uchungu wake. Nakushukuru kwa kuandika kwa kina, maana katika kina hicho nimeona mambo ambayo nadhani wewe mwenyewe umeyapita haraka.

Umeniuliza kuhusu barua ya mdogo wako na kuhusu kijana. Nikiisoma barua yako mara ya pili nasikia pia swali la tatu ambalo hukuliandika: je, bado naiweza kazi hii? Umelieleza swali la usaili neno kwa neno, pamoja na saa ambayo mtumiaji wa kubuniwa alipiga simu, na mtu halikumbuki swali kwa namna hiyo kama halikumchoma. Nitajaribu kuyagusa yote matatu, lakini uamuzi utabaki kwako, kwa kuwa mimi sitoki kazini saa tano usiku wala silipi kodi ya nyumba yako.

Niruhusu nianze na daftari. Umelitaja ili kueleza ugomvi wa chaja, ukaendelea mbele. Mimi ambaye printa ikigoma humwita mtoto wa jirani nimelazimika kuwauliza wenye fani kabla ya kukujibu, nao wamenieleza kwamba kazi ya kwanza ya dawati la huduma ni kusajili kila tatizo linaloingia: nani ameleta, mashine gani, shida ni nini, kimefanyika nini, limefungwa lini. Hicho ndicho anachoandika binti yako kwa kalamu. Ikiwa mashine zilizopita kibarazani ni mbili tu kwa wiki, basi kwa miaka mitano daftari hilo, au madaftari hayo, yana matatizo zaidi ya 500 yenye majina ya wateja na malipo. Unaliita kubangaiza. Mimi sibishi kuhusu kipato, kwa sababu kipato chake kweli ni kidogo. Ninachouliza ni kama udogo wa kipato ndio unaoamua kwamba kazi haikufanyika.

Kuna jambo jingine. Umeniambia kwamba ukisema ukweli utapoteza kazi, na ushahidi wako ni zile saili saba. Lakini katika saili hizo saba, kwa maneno yako mwenyewe, hukusema ukweli hata mara moja. Ulisema "majukumu ya kifamilia". Mwajiri akisikia maneno hayo hana la kuuliza tena, kalamu huiweka chini. Kwa hiyo kilichokataliwa mara saba ni jibu lisilosema kitu, na ukweli wa meza, wateja na daftari bado haujajaribiwa. Huenda nao ungekataliwa, siwezi kukuhakikishia. Halafu katika usaili wa nane ulijibu nini kuhusu miaka tangu 2020? Hukuniambia, nami ningependa sana kujua, kwa sababu chochote ulichokisema mbele ya jopo ndicho kitakachowekwa kando ya fomu yako na kulinganishwa nayo.

Sasa barua iliyo kabatini. Mdogo wako simlaumu. Ameona kaka yake anateseka, naye ana mhuri. Anaposema kwamba hakuna atakayedhurika, hata hivyo, nashuku kwamba hajajihesabu yeye mwenyewe. Barua ile inasema alikuajiri kwa zaidi ya miaka mitano. Mwajiri wa sekta binafsi anayemlipa mtu mshahara hutakiwa kumkata kodi ya mshahara na kupeleka michango yake NSSF. Mwajiri wako mpya atakuomba namba yako ya uanachama, na siku mtu yeyote akiomba taarifa ya michango yako, ataona kwamba iliishia 2020. Hapo kuna maelezo mawili tu: ama hukuajiriwa, ama uliajiriwa na mdogo wako hakulipa. La kwanza linakugusa wewe, la pili linamgusa yeye. Nina shaka kama alipokuwa akigonga mhuri alilifikiria hilo, na pengine ni haki yake kuambiwa kabla karatasi haijatoka kabatini.

Sitaki kukutisha kupita kiasi. Zipo barua za namna hiyo ambazo hazikuwahi kuchunguzwa, na mdogo wako anazijua, ndiyo maana anasema kila mtu hufanya. Lakini wengi wetu tunakumbuka Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea orodha ya watumishi wa umma zaidi ya 9,900 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi yao walikuwa wametumikia kwa miaka mingi na kazi wakiijua. Suala lako halifanani na lao, kwa kuwa wewe vyeti vyako ni vyako na mwajiri wako si serikali. Ninachokikumbuka mimi ni urefu wa muda ambao watu wale waliishi wakisubiri, na nawaza kuhusu wewe ukiwa chumba cha chai, mwenzako akikuuliza kwa nia njema tu: kule kwa mdogo wako mlikuwa na watumiaji wangapi, mlitumia mfumo gani?

Na aina ya kazi yenyewe ina uzito hapa. Anayeketi dawati la huduma hushika funguo za watu wengine. Septemba 2023 hoteli na kasino za MGM Resorts nchini Marekani zilivurugika kwa siku kadhaa, na iliripotiwa kwamba wavamizi walianza kwa kupiga simu dawati la msaada wakijifanya mfanyakazi wa kampuni. Hasara iliyotangazwa ilikuwa takriban dola milioni 100. Pengine ndiyo maana mwajiri wa kazi hii anataka miaka mitano isiyo na pengo. Pengine wewe umeisoma fomu ile kama mtego wa kuwanasa wasio na kazi, na inawezekana kweli inawaumiza zaidi watu wa hali yako. Lakini kwa wanaoiandaa, wanachotafuta ni kujua mtu huyu alikuwa wapi.

Njia ya kujaza ukweli nayo ina miiba, na sitakuficha. Ukiandika kwamba umejiajiri, huenda wakauliza leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na nina wasiwasi kwamba kibaraza hakina vyote viwili. Huenda pia afisa rasilimali watu akasema fomu inataka barua ya mwajiri, na daftari si barua. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, unaweza kuwapigia simu ukauliza swali moja tu: aliyejitegemea kwa miaka mitano anaambatisha nini? Swali hilo halikushtaki. Wakikubali, mwenye duka la dawa na mkuu wa ile shule ya awali wanaweza kukuandikia mistari michache kila mmoja, nayo itakuwa ya kweli. Na usiisahau kampuni yako ya zamani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kama hukupewa, kiombe hata leo. Sababu ya kuondoka kwako, yaani kupunguzwa kazini mwaka 2020 katika sekta ya utalii, haina aibu ndani yake. Hakuna mtu katika jopo lile asiyekumbuka mwaka 2020 ulivyokuwa.

Nije kwenye lile swali la tatu. Ni kweli kwamba mambo yamehama. Microsoft ilisitisha vyeti vya MCSA Januari 2021. Windows Server 2012 uliyoisomea ilifikia mwisho wa msaada wake Oktoba 2023, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu akiyaona haya kwa pamoja anaweza kudhani kwamba maarifa yake yote yamezikwa. Lakini niambie, tangu Oktoba hiyo ni wateja wangapi wamekuletea kompyuta mpakato wakitaka Windows 11, nawe ukawaeleza kwamba mashine yao haina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakitaka, au kwamba prosesa yake ni ya zamani mno? Huko hukuachwa nyuma hata kidogo. Maofisi mengi yanahangaika na hilohilo. Pengo lako, kama nimekuelewa, lina jina: akaunti zilizohamia kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtandaoni, na uthibitisho wa hatua mbili, wa nywila pamoja na simu. Hilo ni pengo la kweli na tusilifanye dogo, ila lina mipaka.

Nimeuliza jibu la swali lililokukwamisha. Nimeambiwa kwamba kabla ya kugusa nywila au programu yoyote, mtoa huduma huhakikisha kwanza kwamba anayepiga simu ndiye kweli, kwa njia isiyotegemea simu iliyoibiwa, kama vile kupitia msimamizi wake. Kisha huiondoa akaunti iliyobaki imefunguliwa kwenye simu iliyoibiwa, hubadilisha nywila, na humsajilia upya njia ya uthibitisho. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kumfundisha mtu, kwa sababu inahitaji ujasiri wa kumwambia mkubwa anayefoka kwenye simu kwamba asubiri. Wewe uliyesimamia watumiaji 120 umewahi kufokewa. Hatua nyingine zinasomeka. Masomo ya Microsoft Learn, tovuti ya mafunzo ya Microsoft, hayalipiwi; Windows Server hupatikana kwa majaribio ya siku 180 bila malipo, nawe unajua kuiendesha ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta nyingine, kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kutosha. Ukiwa na mwezi mmoja kabla ya kuanza, jioni zako za kibarazani zinaweza kufanya kazi hiyo. Kuhusu cheti cha CompTIA A+, cha mafundi wa kompyuta wanaoanza, ambacho huenda umeshauriwa, kina mitihani miwili inayolipiwa kwa dola na hudumu miaka mitatu. Mimi ningekisubiri hadi nijue kama mwajiri huyu anakithamini, lakini wapo watakaokushauri vingine na hawatakuwa wamekosea.

Nasisitiza mwezi huo wa kabla ya kuanza kwa sababu moja. Kifungu cha 35 cha sheria niliyoitaja kinasema kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Mkataba wako wote ni wa miezi sita. Ukiukubali, unaingia mahali ambapo miguu yako haijashika ardhi bado, na ni vizuri uingie ukijua.

Tupige na hesabu, maana heshima tumeijadili na fedha bado. Katika 650,000, ukitoa asilimia 10 ya mchango wako wa NSSF, yaani 65,000, na kodi ya mshahara inayokaribia 33,000, unabaki na kama 552,000. Zamu za usiku zikiwa kumi kwa mwezi, bodaboda inachukua 60,000. Sijaweka nauli ya mchana. Unabaki na karibu 490,000, dhidi ya 250,000 za mwezi mzuri wa kibaraza na 80,000 za mwezi mbaya. Tofauti ipo, ingawa ni ndogo kuliko ile iliyokuwa kichwani mwa wenzake mkeo. Je, siku za zamu ya jioni unaweza kushika meza yako asubuhi? Soma mkataba uone kama unakataza kazi ya nje, na kama haujasema, uliza. Kukataa kazi kwa sababu ya hesabu kama hizi ni jambo ambalo mtu mzima anaweza kulifanya bila kuona haya. Ninachokuomba ni ujiulize kama usiku ule unapofikiri kukataa, kinachokukatalisha ni hesabu hizi au ni kijana.

Kuhusu kijana huyo, unasema hakuonyesha dalili ya kukufahamu. Nawe je, ulionyesha? Mlikuwa wawili mezani mnaofahamiana, na wote mlinyamaza. Huenda alichelea wenzake wasimwone anapendelea. Huenda alikwisha kuwaambia kabla hujaingia kwamba anakujua. Huenda kweli aliona haya kwa niaba yako, hilo nalo haliwezi kuondolewa. Lakini uliondoka ukijua umeanguka, na siku ya nane simu ikalia. Katika chumba chenye watu watatu, mtu fulani alisema jambo jema juu yako baada ya wewe kukwama. Sijui kama ni yeye.

Unaweza kumpigia sasa, salamu tu na shukrani kwa usaili, bila kugusia fomu. Hatari yake ni kwamba akijua una barua ya mdogo wako utakuwa umemtwisha siri ambayo hakuiomba, kwa hiyo kama unakusudia kuitumia barua ile, heri usimpigie. Unaweza pia kungoja mkutane kazini. Na hapo nadhani mtaipata njia ambayo watu wa kwetu wameizoea kuliko wanavyokiri: ofisini utampelekea ripoti na atakukosoa ukikosea, na mkiwa kituo cha mwendokasi atakuamkia shikamoo kama zamani, nawe utaitikia. Haitakuwa rahisi siku zote. Zitakuwapo siku atakukosoa mbele ya watoto wa miaka 23 na utatamani kurudi kibarazani, na kama ni mtu wa kujionyesha utalijua mapema.

Mwisho, nimeitafuta katika barua yako yote sehemu ambapo mkeo ameambiwa kwamba mshahara ni 650,000, kwamba mkataba ni wa miezi sita na kwamba kuna siku utarudi nyumbani karibu na saa sita usiku, na sikuiona. Fomu umeificha, na nadhani hesabu nazo umezificha. Yeye ndiye aliyeendesha nyumba kwa genge kwa miaka mitano na anajua thamani ya shilingi 6,000 za bodaboda kuliko mimi na wewe. Kabla ya kuufikia tena ule mstari wa nne, mwekee mezani fomu, barua ya mdogo wako na daftari la binti yenu, vyote vitatu, umsikilize atakachosema. Kisha uniandikie, hata kama ni kwa ufupi.